Zawadi za Bwana Fundo

Ofisi ya mizigo ya kampuni ya mabasi haikuwa na dirisha. Ilikuwa na kaunta ya mbao iliyochakaa, mizani, rafu zilizopinda katikati kwa uzito, na mtu mmoja aliyekaa humo tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Wenzake walimwita Bwana Fundo, kwa sababu kamba aliyoifunga yeye haikufunguka njiani hata basi lipinduke. Aliizungusha mara mbili, akaikaza kwa goti, kisha akapiga fundo dogo gumu juu ya kifuniko. Wateja walilalamika kwamba huko mizigo iendako watu wanavunjika kucha. Yeye aliwajibu bila kuinua uso, "Kucha zitaota tena. Sukari ikimwagika njiani haioti."

Mwisho wa mwaka, sikukuu zilipokaribia, ofisi ilijaa mpaka mlangoni, na hapo Bwana Fundo alijiona ana haki ya kuwacheka binadamu wenzake. Sheria ya kampuni ilimtaka akague kila mzigo kabla ya kuufunga, kwa hiyo hakuna zawadi iliyompita. Aliona kijana akimtumia mama yake sufuria kubwa, bila shaka ili siku akienda apikiwe. Aliona mume akimpelekea mkewe fulana yenye nembo ya duka la saruji, ile ya kugawiwa bure. Aliona watu walionunua dazeni ya vikombe vya aina moja na kuvigawa kwa ukoo mzima, kuanzia babu mpaka kichanga cha wiki mbili.

"Huyu hakuchagua zawadi," alimnong'oneza dereva wa basi la asubuhi. "Huyu ametua mzigo kichwani, basi."

Dereva alicheka kidogo tu, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa vikombe.

Kwa haki tupu, Bwana Fundo hakuwa hivyo. Katika maisha yake yote alikuwa na mtu mmoja wa kumpelekea zawadi, na mtu huyo alimchagulia kwa akili na moyo. Alikuwa dada yake, aliyemzidi miaka kumi na miwili. Wazazi wao walipofariki, mmoja baada ya mwingine, dada alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kushona na mdogo wake alikuwa darasa la nne. Dada alikaa kwenye cherehani ya miguu na hakuinuka mpaka yule mtoto alipomaliza shule. Posa ya kwanza aliikataa, na ya pili aliikataa. "Ngojeni huyu amalize masomo," aliwaambia. Mdogo alipomaliza, posa ya tatu haikuja.

Bwana Fundo aliyajua haya fika, na yalimkaa kooni. Ndiyo maana kila Jumapili alimpigia dada yake simu, na kando ya simu aliweka daftari dogo la kurasa za mistari. Dada hakuwa mtu wa kuomba kitu. Ungemwuliza anataka nini, angekwambia anataka uwe mzima. Lakini katika mazungumzo neno lilimponyoka. Akisema asubuhi sakafu ni ya baridi mpaka mifupa inauma, Bwana Fundo aliandika. Akisema redio imenyamaza moja kwa moja, aliandika pia. Mwaka ulipokwisha alilifungua daftari, akachagua jambo moja, akazunguka madukani siku tatu nne, akapapasa kitambaa, akagombana na wauzaji, mpaka akapata kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani angemnunulia dada yake. Kisha alikifunga kwa mkono wake, fundo juu, na kukipakia kwenye basi.

Mwenyewe hakuwahi kukifuata. Sikukuu ndiyo msimu wa mizigo, na msimu wa mizigo ofisi haiwezi kukaa bila mtu. Baada ya sikukuu kulikuwa na sababu nyingine, na baada ya hiyo nyingine. Aliahidi mwakani. Miaka minane ilikatika hivyo, na kila mwaka dada alipokea mzigo wake na kumpigia mdogo wake simu siku hiyohiyo.

"Umefika," alisema. "Uko salama kabisa. Mungu akuzidishie, mdogo wangu."

Bwana Fundo aliridhika. Kwenye kazi yake hakuna maneno yaliyozidi hayo. Mzigo ukishafika salama, karani anachora mstari kwenye kitabu chake na kufungua ukurasa mwingine. Hakuwahi kugundua kwamba dada yake hakutaja hata mara moja kilichokuwa ndani.

Dalili zilikuwepo, na mtu mwingine angezishtukia. Mwaka wa kwanza alituma ndara nzito za manyoya. Miezi miwili baadaye dada akasema tena sakafu inamwuma miguu. Bwana Fundo alikwenda kumtolea maneno makali muuza ndara, akimwambia bidhaa yake ni ya kudanganyia watoto. Mwaka wa pili alituma redio. Siku moja dada akasema habari huzisikia kupitia ukuta, kwenye redio ya jirani, ila jirani anapenda kuizima katikati. Bwana Fundo alicheka peke yake. "Ameigawa," alijisemea. "Mkono wake hautulii kwa kutoa." Akampenda zaidi kwa hilo.

Mwaka wa tatu dada alisema uzi unakataa kuingia kwenye sindano, na kwamba siku hizi anaita watoto wanaopita njiani wamsaidie. Akatumiwa taa ya kushonea, yenye shingo ya kukunjwa. Halafu, mwaka wa nne, alisema kitu cha ajabu. Alisema akiiangalia balbu ya jirani anaiona imezungukwa na duara la rangi, na ni pambo zuri kweli.

Neno lile halikumpendeza Bwana Fundo. Alimwuliza muuguzi mmoja aliyekuwa mteja wake wa mara kwa mara. Muuguzi aliacha kufunga begi lake. "Nani huyo?" aliuliza. "Basi usichelewe. Mlete aonwe na daktari wa macho. Hayo mambo hayangoji."

Hapo Bwana Fundo alifanya jambo jema kuliko yote aliyowahi kufanya, na akalifanya vibaya kupita yote. Alikwenda hospitali, akapanga foleni, akapata kadi yenye tarehe, wiki mbili baada ya sikukuu. Akakata tiketi ya basi ya dada, kiti cha mbele nyuma ya dereva. Akanunua viatu vya safari, vya ngozi laini, visivyobana. Kisha, badala ya kuinua simu na kusema kama watu wengine, "Dada, njoo tarehe fulani," aliikunja ile kadi pamoja na tiketi akavisokomeza ndani ya kiatu cha kulia. Alitaka avikute mwenyewe. Alijipa raha ya kuwazia uso wa dada yake akivaa kiatu na kugusa karatasi kwa vidole vya mguu. Ukitaka kujua ubaya wa mtu anayejiona bingwa wa zawadi, ndio huo.

Kwenye simu alimwambia tu, "Ukifungua utajua la kufanya."

"Sawa, mdogo wangu," alijibu dada. "Siku hiyo nitajua."

Siku ya tiketi ilipofika, Bwana Fundo alikuwa ameshapiga deki chumba chake na kutandika shuka mpya. Alisimama kituoni tangu basi lilipoingia. Abiria walishuka wote, hata wa mwisho mwenye kuku, na dereva akafungua mikono kuonyesha kwamba ndani hakuna mtu tena. Kiti cha mbele kilikuwa kimekuja kitupu.

Angempigia simu dakika ileile, yangekwisha. Hakumpigia. Alingoja Jumapili, na Jumapili akaongea habari za mvua na bei ya nyuzi, akimpa dada nafasi aseme mwenyewe kwa nini hakuja. Dada hakusema, maana hakuwa na la kusema. Bwana Fundo akaelewa anavyotaka. Dada amekataa, alijiambia. Yeye aliyetoa kila kitu anaona haya kupokea, ananiona bado mtoto wa darasa la nne. Moyo wake ukanuna. Mtu akinuna kwenye simu hana haja hata ya kukunja uso, anapunguza maneno tu, na Bwana Fundo aliyapunguza kwa miaka minne. Zawadi aliendelea kutuma, blanketi, sweta, chupa ya chai, kitambaa cha gauni cha rangi ya samawati, lakini sasa alizituma shingo upande, kama mtu anayetaka ionekane kwamba yeye hajakosea.

Simu iliyomwinua kitini ilitoka kwa jirani, yule mwenye redio, mama mtu mzima asiye na maneno mengi.

"Wewe ndiye mdogo wake?" aliuliza. "Njoo umwone dada yako. Nikiingia hajui ni nani mpaka niseme. Nilimpeleka kwa daktari mwezi uliopita. Amesema macho yamekwisha, hayarudi. Amesema angeletwa miaka mitatu minne nyuma, kidogo yangeokolewa."

Ilikuwa wiki moja kabla ya sikukuu. Bwana Fundo aliomba ruhusa ya siku tatu, na mkuu wake akampa kwa mshangao, maana hakuwahi kuombwa. Dereva alimwambia apande bure. Njia nzima alikaa nyuma ya dereva, kwenye kiti kile cha mbele.

Alifika saa nane mchana. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kilekile, cherehani imefunikwa shuka nyeupe, kiti kimoja, kitanda cha chuma, na dada yake amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, miguu mitupu juu ya saruji. Aligeuza kichwa, lakini macho yake yalitua pembeni, penye ukuta.

"Nani?" aliuliza. Kisha kabla hajajibiwa akatabasamu. "Ni wewe. Umenenepa. Zamani hukuwa ukikanyaga hivyo."

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba. Njoo hapa nikushike hilo tumbo, maana nasikia mabosi wa mizigo mnakula vizuri."

Alimpapasa uso, masikio, mabega, akamtania kwa upara ulioanza, naye Bwana Fundo akaacha apapaswe huku machozi yakimshuka bila sauti. Alifurahi kwa kitu kimoja tu, kwamba haonwi. Halafu akaona aibu kwa furaha hiyo. Akainamisha macho, na hapo ndipo alipoviona vilivyokuwa chini ya kitanda.

Yalikuwa maboksi manane, yamepangwa safu mbili, hayana vumbi hata chembe. Kila boksi lilikuwa na kamba, na juu ya kila kamba kulikuwa na fundo dogo gumu alilolijua.

"Dada," alisema. "Hii mizigo..."

"Si yako? Nimekutunzia. Panya wa nyumba hii wote wananijua, hakuna aliyethubutu."

"Mbona hukufungua?"

Dada alionekana kutoelewa swali. "Nifungue peke yangu?" aliuliza. "Tangu lini kwetu zawadi ikafunguliwa mwenye kuileta hayupo?"

Bwana Fundo akakumbuka. Hakukumbuka kidogokidogo, lilimjia lote kwa mara moja. Baba yao alifanya kazi mbali na kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, na alichorudi nacho hakuruhusu mtu akiguse. Alikaa katikati yao, akafungua mwenyewe polepole, kamba, gazeti, gazeti jingine, akiwatazama nyuso. Alisema nusu ya zawadi ni yake, kwa kuwa yeye ndiye anayewaona wakiipata. Baba alipofariki dada aliishika sheria ile. Hata kaptula ya shule aliyomshonea ndugu yake aliifunga kwenye gazeti, akamkalisha mbele yake, akamfungulia. Lakini mdogo alikwenda mjini, akawa karani, akaona maelfu ya mizigo ikienda upande mmoja na waliotuma wakibaki upande mwingine, na sheria ya nyumbani ikamtoka kichwani kama haikuwahi kuwepo. Dada haikumtoka. Kila mwaka alipokea boksi, akalifuta, akalisukuma chini ya kitanda, akangoja.

"Basi leo tufungue moja," alisema dada, na sasa uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana. "Tufungue moja, tunywe chai, unihadithie ulivyoipata."

Bwana Fundo hakumsikia vizuri. Alikuwa na joto kichwani. Alitaka kitu kimoja tu, kurekebisha, kurekebisha haraka, kumpa dada yake yote aliyochelewa kuyapata kabla jua halijazama. Alichukua kisu mezani, akavuta boksi la kwanza, akakata fundo lake mwenyewe.

Zilikuwa ndara. Dada alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka shavuni, akacheka. "Manyoya. Yana rangi gani? Ngoja, usiniambie, nikisie. Ulizipata wapi? Alikuwa muuzaji wa aina gani?" Lakini mdogo wake alikuwa ameshamwinamia miguuni, akimvisha, na mkono mmoja tayari unavuta boksi la pili.

"Hii ni redio, dada. Hii hapa taa ya kushonea, sasa... basi, taa."

"Taa," alisema dada. Aliikunja shingo yake, akaikunjua. "Ina shingo. Ni nzuri." Akataka kusema jambo juu ya taa, lakini boksi la nne lilikuwa limeshakatwa.

Bwana Fundo alitoa viatu vya ngozi. Alijua kilichomo. Aliingiza mkono kwenye kiatu cha kulia na karatasi zikalia.

"Karatasi gani hiyo?" aliuliza dada. Masikio yake yalikuwa hayakosi kitu.

Aliitazama ile kadi. Jina la dada yake lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa karani wa hospitali, na tarehe, na saa tatu asubuhi. Miaka minne alikuwa amemnunia mtu huyu kwa kukataa kitu alichokuwa amekilalia bila kujua.

"Risiti," alisema. "Risiti ya viatu tu."

"Usiitupe, huenda vikanibana."

Akaziingiza karatasi mfukoni, akaendelea kwa kasi zaidi, kwa sababu hakuweza tena kukaa kimya mbele ya uso ule. Akafungua blanketi, akafungua sweta, akafungua chupa ya chai, kamba zikilia chini ya kisu moja baada ya nyingine, na kila kitu alikitaja, akakiweka mapajani pa dada, akageukia kingine. Alifanya kazi kama siku ya foleni ndefu. Dada aliacha kuuliza. Lilipofika boksi la nane alilipokea lile gauni lisiloshonwa, akakipima kitambaa kwa kidole gumba na cha shahada jinsi mafundi wanavyopima, akasema kwa upole, "Pamba."

Bwana Fundo alijiinua. Jasho lilimtoka. Kwa mazoea ya kazi alikuwa ameshayakanyaga maboksi yakawa bapa na kuyapanga karibu na mlango.

Dada aliyasogeza yale yote yaliyokuwa mapajani, akashuka taratibu mpaka akapiga magoti sakafuni. Akapitisha mkono chini ya kitanda, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia.

"Yamekwisha?" aliuliza.

"Yote, dada. Nimeyamaliza yote."

"Yote manane?"

"Manane."

Alibaki pale chini na ndara zake mpya. Mdogo wake alimshika mkono kumwinua, lakini hakuinuka.

"Ungeniachia hata moja," alisema.

"La nini, dada? Si ni vyako? Vyote ni vyako."

"Watu hapa huwa wananiuliza kama utakuja," alisema dada. "Kila mwaka wananiuliza. Nami huwa najibu lazima aje, ana mizigo yake kwangu haijafunguliwa. Sasa nitawaambia nini?"